Fundi na Mkono Usiohisi

Ukiwauliza watu wa sokoni Ifakara kuhusu fundi saa wa baraza letu, wengi watakuambia habari za maringo yake. Hawasemi uongo. Mtu yule alikuwa na maringo ya kutosha mtaa mzima na mengine yakabaki. Lakini mimi niliyeshona nguo ubavuni pake miaka mingi, cherehani yangu na meza yake zikitenganishwa na nguzo moja tu, ninamkumbuka kwa jambo jingine. Aliwahi kumjeruhi mtu mkono kwa kazi ambayo yeye mwenyewe aliiona nzuri, na tangu hapo mpaka anaondoka Ifakara aliishi na hofu ya kumjeruhi tena. Ukoo wake na mahali alipozaliwa nayaacha, maana hakupenda kuyasema na mimi sikupenda kuyauliza. Naanza na ndevu.

Ndevu alizipaka hina, na hakuna siku nilimwona nazo zikiwa zimefifia. Kanzu yake ilipigwa pasi hata kwenye mikono, mahali ambapo mimi mwenyewe fundi nguo huwa naparuka. Meza yake aliitandika kitambaa cheupe kilichokatwa kwenye mabaki yangu, akakifua mwenyewe, akakianika mwenyewe, na ole wako ukipitisha kikombe cha chai juu yake. Alikuwa Mwislamu wa watu wa Pwani, mimi Mkatoliki wa upande wa Mahenge, na utani wetu ulianza asubuhi kabla hatujafungua milango. Aliniita Mama Cherehani. Mimi nilimwita Fundi kama walivyomwita wote, na akiniudhi nilimwita Bwana Harusi kwa sababu ya zile ndevu.

Skrubu ikimdondoka, baraza zima lilisimama. Hakupiga kelele. Aliinua kiganja na kusema taratibu, "Asitembee mtu," na watu hawakutembea. Mama mmoja muuza samaki aliwahi kukutwa na amri hiyo akiwa anapanda ngazi, beseni la kambale kichwani, mguu mmoja umeshatangulia, na akabaki hivyo maji ya samaki yakimchuruzika shingoni huku Fundi anatambaa kwa magoti na lenzi yake jichoni. Skrubu ilikutwa kwenye nywele zangu. Yule mama alimtukana kwa Kindamba matusi marefu, na Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanunua kambale wawili kama fidia. Yeye mwenyewe hakuwa anakula samaki. Nilikula mimi.

Tofauti na mafundi wengine niliowahi kuwaona, yeye alikuwa hapendi sana mashine ya saa. Alikuwa anaitengeneza, na aliitengeneza vizuri, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kasha. Ukimpa saa aliigeuza kwanza, akapitisha kidole gumba kwenye kifuniko cha nyuma, akachungulia masikio, yaani zile pembe nne ambazo mkanda hushikia, na mwisho kabisa ndipo aliitazama usoni kujua kama inatembea. Alisema mashine imekaa chumbani inakula upepo, lakini kasha ndilo linakutana na jasho, tope la majaruba na mtoto anayeng'ata. Kwa hiyo mwenye kusifiwa ni kasha.

Alidai kwamba kwa kulitazama kasha tu anaweza kukuambia kazi ya mwenye saa. Mara nyingi alipatia. Wavunaji wa Mchombe, kwa mfano, huvaa saa uso ukiwa upande wa ndani wa mkono ili mundu usikipasue kioo, kwa hiyo makasha yao huchubuka upande mmoja tu. Siku moja alimpokea bwana mmoja mtanashati, akaigeuza saa, akatamka mbele ya wateja wangu wote kwamba huyu bwana ni mvunaji hodari. Bwana akasema yeye ni mwalimu, na hiyo michubuko ni ya meza anayosahihishia madaftari. Watu wakacheka. Fundi hakutikisika hata kidogo. Alimshauri abadilishe meza.

Historia ya saa aliijua kwa namna yake, na alitusimulia kama mtu anayesimulia habari za majirani. Waswisi wa milimani, alisema, walikuwa wakulima kama sisi, ila kwao theluji ikishuka hakuna mtu anayetoka nje, kwa hiyo walikaa dirishani wakachonga magurudumu ya saa mpaka majani yalipoota tena. "Ninyi mpunga ukiisha mnafanya nini?" alituuliza. Nikamjibu kwamba tunashonesha nguo za harusi na yeye aniache nile. Alituambia kwamba zamani wanaume waliona aibu kuvaa saa mkononi, wakisema ni bangili ya kike, na saa ya mwanaume ilikaa mfukoni na mnyororo wake. Kilichowabadilisha ni vita. Askari aliyelala shimoni na bunduki mikononi hawezi kuchomoa saa mfukoni, basi wakaanza kuzilehemu masikio ya waya zile saa za mfukoni na kuzifunga mkononi kwa ngozi. Alikuwa nayo moja ya namna hiyo, aliyoipata kwa familia moja ya Mahenge, masikio yake yamelehemiwa vibaya mno, ya upande huu yako juu na ya upande ule yako chini. Aliipenda kuliko zote. Alisema mashine za saa walizibuni wataalamu, lakini masikio yalibuniwa na mtu aliyekuwa anaogopa kufa.

Kingine kilichomchoma roho ni majina. Usoni mwa saa, alisema, linaandikwa jina la mwenye duka au mwenye kiwanda. Aliyetengeneza kasha alikuwa mtu mwingine kabisa, wa karakana nyingine, na alama yake ndogo imefichwa ndani ya kifuniko ambako haionwi na mtu ila fundi. Alikuwa akinifungulia saa za zamani ili nione ile alama, kitu kidogo kama punje ya ulezi, na anaitazama kwa huruma ya kweli. Alizichukia saa zilizopakwa dhahabu kwa juu, maana jasho la bonde hili huzibambua mpaka mtu anabaki amevaa bati. Za plastiki zenye namba alisema ni mdoli wa saa. Na bado yeye mwenyewe, tukisikia njaa ya mchana, alikuwa anaangalia saa ya betri iliyoning'inia ukutani kwangu, ya Kijapani, ambayo haijawahi kukosea. Nikimchokoza kuhusu hilo alisema anaipeleleza.

Kauli yake kubwa ilikuwa hii: kasha ni nguo ya saa. Aliirudia kwangu makusudi, akidhani inanifurahisha kwa kuwa nashona. Na haya maringo, ukichanganya na kauli hiyo, ndiyo yaliyomfikisha kwa Mzee wa Kengele.

Mzee huyo aligonga kengele ya kigango kimoja upande wa Katindiuka. Ujanani aliugua ukoma. Alipona, lakini ugonjwa ulikuwa umeshaondoka na vidole vyote vya mkono wa kulia, na wa kushoto ukamwachia vipande vifupi tu. Kamba ya kengele alikuwa anaizungusha kwenye mkono wa kulia chini ya kiwiko na kuivuta kwa mwili mzima, na waumini waliomzoea walisema kengele yake ina namna ya kutulia katikati ambayo hakuna mwingine anaiweza. Padre mmoja wa zamani, Mswisi, alimpa kazi hiyo pamoja na saa yake mwenyewe ya mkononi, ya kutia ufunguo kila siku. Mzee aliihesabu kengele na saa kuwa kitu kimoja.

Aliileta kwa Fundi akisema inasimama. Fundi akaisafisha, akaitia mafuta, akamrudishia. Mara akarudi nayo, imesimama. Fundi akaifungua tena, hakuona kasoro, akaitia ufunguo ikatembea, akaifunga na kutamka kauli yake nyingine, kwamba akifunga yeye kifuniko hata ukungu wa Kilombero hauingii. Mzee akarudi tena. Safari hii Fundi alikasirika. Mzee alipoondoka aliniambia kwamba kuna wazee wanaochezea saa usiku badala ya kulala.

Mzee mwenyewe alikuwa amepita kwangu pia, nimpunguzie suruali. Alikuwa mkimya, mwenye koti refu, na mikono yake muda wote ilikuwa mifukoni. Nilipomwomba ainue mikono nimpime kiuno ndipo niliiona vizuri. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, ile saa huwa anaitiaje ufunguo.

"Alikuwa anaitia marehemu mke wangu," akasema. "Kila alfajiri, kabla sijatoka."

Mke alikuwa amefariki masika yale, na suruali ilikuwa inampwaya kwa sababu hiyo hiyo. Mkwe wake angeweza kuitia, ila anawahi shambani, na Mzee aliona aibu kumgongea mtu mlango kila siku kwa jambo la vidole. Alijaribu saa ya betri, ikajaa mvuke kwenye kioo mvua zilipozidi, ikafa. Kwa hiyo alikuwa anagonga kengele kwa kukisia jua, na siku za mawingu watu walikuta misa imeshaanza. Kamati ya kigango ilishamwambia kwa upole kwamba ikitokea tena kamba atapewa kijana mwenye simu. Hilo la mwisho aliniambia akiwa ameangalia ukuta.

Nilikwenda moja kwa moja upande wa pili wa nguzo. Nilimwambia Fundi kwamba nimeisikia sana habari ya nguo ya saa, na mimi katika maisha yangu sijawahi kushona suruali kwa ajili ya kitambaa, nashona kwa ajili ya mtu. Nikamwambia akamtazame mikono yule mzee anayemsema. Aliivua lenzi jichoni, akaifuta kwa ile kanzu yake ya pasi. Ni mara ya kwanza nilimwona akiikunja, na sitaficha kwamba nilifurahi.

Kesho yake alikuja na taa ya karabai iliyokufa zamani. Akakata tangi lake la shaba ya njano, akaanza kufua kasha jipya. Wazo lake lilikuwa zuri na mpaka leo nalistaajabia. Kile kitufe kidogo cha pembeni, cha kutilia ufunguo, alikifanya kikubwa kama kizibo cha soda, chembamba, chenye meno ukingoni, na kasha likawa nene ili kukihimili. Mzee hatakishika. Ataketi, atalaza mkono wenye saa juu ya paja, na kuusugua kwenda na kurudi kama mtu anayefuta jasho la kiganja. Kitufe kikikamata nguo kinazunguka, saa inajaa. Kikirudi nyuma kinateleza bila madhara. Mimi nilishona kipande cha turubai kwenye paja la kila suruali ya Mzee, maana kitambaa laini hakikamati. Siku ya kujaribu, Mzee alisugua, akaiweka saa sikioni, akasugua tena. Kisha akaniangalia mimi, akamwangalia Fundi, na machozi yakamtoka bila yeye kuhangaika kuyafuta. Kengele ikarudi kwenye saa yake. Fundi alitembea sokoni wiki hiyo kama mtu aliyechaguliwa ubunge.

Baada ya kitambo Mzee alipita kutusalimu. Fundi alipoupokea mkono wake aone kazi yake, aliona mkanda umelowa. Akaufungua. Masikio ya lile kasha, aliyoyachonga yakawa makali na ya kupendeza kama ya saa za zamani, yalikuwa yamezama kwenye kifundo cha mkono wa Mzee mpaka nyama inaonekana, na pamekwisha kuoza. Ukoma ulikuwa umeondoka na hisia za mkono ule pia. Mimi na Fundi tulilijua hilo. Kila mtu wa bonde hili aliyewahi kuishi karibu na wagonjwa wale analijua. Hatukulifikiria.

"Sikujua," Mzee akasema, kwa adabu, kama yeye ndiye mwenye kosa. "Haliumi."

Fundi hakufunga hata sanduku la vifaa. Alimpandisha Mzee bodaboda na kumshika kwa nyuma mpaka hospitali, akakaa naye mpaka amesafishwa na kufungwa. Aliporudi kanzu yake ilikuwa na madoa na hakuibadilisha. Kaka, dada, mimi nimemsema sana mtu huyu hapa, lakini jioni ile nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia ndugu yangu. Daktari alikuwa amesema kidonda cha namna ile kikichelewa mkono hukatwa. Fundi aliyarudia kwangu maneno hayo mara kwa mara, kila mara kama anayasikia upya.

Nilidhani ataacha. Badala yake alilivaa lile kasha yeye. Alilikaza mkononi mwake hata ngozi ikapanda pembeni, akaenda nalo kulima jaruba lake, akala nalo, akalala nalo. Nilimwambia anajitesa bure, kwamba mkono wake una hisia na wa Mzee hauna, hauwezi kuwa kipimo.

"Ndiyo maana siisogezi," akasema. "Mimi ikiniuma ningeisogeza. Yeye hatasogeza. Basi na mimi nisisogeze."

Alikuja kuniomba chaki ya kushonea. Mahali palipomuuma hakupakuna wala kupapepea. Aliweka alama ya chaki kwenye kasha, pale pale, na jioni akapasaga kwa tupa na msasa. Kesho akalivaa tena, likamuuma mahali pengine, akaweka alama. Yale masikio makali yakawa ya duara. Kifuniko cha nyuma kikatoka kwenye ubapa kikapinda kufuata mfupa. Mkanda ukawa mpana, nikaushonea sufi ndani. Mpaka anamaliza, lile kasha halikufanana na saa yoyote aliyowahi kunisifia, lilionekana kama kokoto la mtoni lililofungwa kamba, na kwenye kifundo chake yeye palibaki makovu madogo madogo ya duara. Ndani ya kifuniko hakuweka alama yoyote. Nilimuuliza kwa nini, yeye aliyewalilia wale mafundi wa karakana. Alisema alama wataweka wenzake waliofanya kazi bila kumuumiza mtu.

Mzee alipopona alirudishiwa saa, na kengele ikaendelea. Kijana mwenye simu alipewa kazi ya kufagia uwanja. Lakini kila Jumatatu, kwa miaka, Mzee alipaswa kufika kwenye baraza. Fundi alimvua saa, akaiweka kando bila kuiangalia, akaugeuza mkono kwenye mwanga, akabonyeza ngozi pande zote, akapitisha juu yake nyuma ya kiganja chake kutafuta joto. Wateja walisubiri. Mtu mmoja mwenye haraka aliwahi kuuliza kama hapa ni kwa fundi au kwa mganga, na Fundi akamjibu kwamba saa yake itakuwa tayari mwakani.

Maringo hayakwisha, msije mkadhani alikuwa mtakatifu. Ndevu aliendelea kuzipaka, wateja aliendelea kuwasimamisha. Ila ile kauli ya nguo ya saa sikuisikia tena.

Kifua kilipoanza kumsumbua, binti yake alimchukua akaishi naye Sanje. Kabla ya kuondoka hakunikabidhi vifaa wala ile saa ya waya ya Mahenge. Alinikabidhi mkono wa Mzee. Alinisimamisha mbele ya Mzee Jumatatu ya mwisho akanifundisha, hapa tazama wekundu, hapa sikia joto, hapa katikati ya mifupa ndipo panapodanganya, akanifanya nirudie mpaka Mzee mwenyewe akacheka. Nikairithi kazi hiyo. Sikukosa, isipokuwa nilipofiwa na dada yangu, na hapo nilimwomba katekista anishikie.

Masika yaliyopita Mzee alifariki, usingizini, kwa uzee tu. Aligonga kengele Jumapili, Jumatano hakuamka. Baada ya mazishi nilipanda basi kwenda Sanje, maana si habari ya kumpigia mtu simu.

Nilimkuta Fundi amelazwa kwenye kitanda cha kamba chini ya upenu, ndizi zimepangwa kando yake zikisubiri magari ya barabarani. Alikuwa amekwisha sana. Ndevu zilikuwa nyeupe zote, na nilishtuka kwa hilo kuliko kwa wembamba wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza safari, watoto, cherehani. Nikamwambia kwamba Mzee wa Kengele hatunaye. Alisema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akageukia mlima. Hakulia. Nilijua hatalia, watu wa umri wake wameshazika wengi.

Kisha akainuka kidogo kwenye kiwiko.

"Mkono ulikuwaje?"

Nilimwambia niliukagua Jumatatu ile ile. Alitikisa kichwa, hakutaka hilo. Alitaka baada ya Jumatatu. Alitaka siku ambazo mtu hakuangalia. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimelifikiria hilo, na nilimuuliza katekista aliyemwosha, nikamuuliza mara mbili. Alipoivua saa chini yake palikuwa na mstari mweupe tu. Ngozi laini, haijachubuka popote.

"Popote?"

"Popote, Fundi. Amekwenda na mkono mzima."

Alijilaza. Akavuta shuka mpaka usoni, na nikaona shuka inatikisika, na hakutafuta namna ya kunificha. Nilikaa pale nikiwa nimemshika mguu juu ya shuka, basi la kurudi Ifakara likapita, nikaliacha lipite.